Kupima ubora wa mvinyo wa Chile: anza na mahali, malizia na medali

Kampuni moja ya Chile inaweza kuuza mvinyo wa bei ya chini kabisa kwenye rafu na papo hapo ikatoa chupa inayowekwa meza moja na mivinyo ya kifahari ya Bordeaux, Ufaransa. Lebo zote mbili zitakuwa na maneno yaleyale: Valle (bonde), Reserva, Cabernet Sauvignon (aina ya zabibu nyekundu). Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokwama, wakaishia kuchagua kwa picha ya lebo au kwa stika ya dhahabu. Utaratibu ulioelezwa hapa unaanza na mahali zabibu zilipoota, unakwenda kwenye aina ya zabibu, mwaka wa mavuno na hali ya chupa yenyewe, kisha unaonja. Alama za wahakiki na medali zinakuja mwisho, maana hazimsaidii mtu ambaye hajui ameshika nini mkononi.

Hatua ya 1: Tafuta jina la mahali, uone ni eneo kubwa au dogo

Maeneo ya asili ya mvinyo nchini Chile yamewekwa na Agizo Na. 464 la Wizara ya Kilimo la mwaka 1994, na msimamizi wake ni idara ya serikali iitwayo SAG. Kwa mnunuzi, kanuni ya kushika ni moja: jina la mahali likizidi kuwa dogo, mzalishaji amezidi kujifunga.

Jina kubwa utakaloliona mara nyingi ni Valle Central. Hilo si bonde moja. Linakusanya mabonde manne, Maipo, Rapel, Curicó na Maule, yaliyotandaa mamia ya kilomita kutoka Santiago kwenda kusini. Chupa yenye jina hilo inaweza kuwa na zabibu kutoka popote ndani yake, zilizonunuliwa kwa wakulima wengi na kuchanganywa kiwandani ili ladha isibadilike mwaka hadi mwaka. Mvinyo wa namna hiyo hufaa kwa mlo wa kila siku, lakini usiulipie bei ya mvinyo wenye asili inayojulikana.

Ngazi inayofuata ni bonde lenyewe: Maipo, Colchagua, Cachapoal, Casablanca, Limarí, Maule, Itata. Colchagua na Cachapoal ndizo sehemu mbili za Rapel, kwa hiyo chupa iliyoandikwa Cachapoal imejieleza zaidi kuliko iliyoandikwa Rapel. Chini ya mabonde yapo maeneo madogo, na haya ndiyo majina ya kukariri: Puente Alto na Pirque huko Maipo, Apalta huko Colchagua, Peumo huko Cachapoal, Leyda karibu na bahari, Cauquenes huko Maule, Guarilihue huko Itata. Ukiona jina la shamba moja juu ya hapo, umefika ngazi ya mwisho.

Tafuta pia maneno matatu yaliyoingizwa kwenye kanuni hizo baadaye, kuanzia miaka ya 2010: Costa kwa mashamba ya upande wa pwani, Entre Cordilleras kwa yale ya katikati, na Andes kwa yale ya miguuni mwa milima. Watu wengi huyapuuza, nami nayaona yana manufaa kuliko neno jingine lolote kwenye lebo ya Chile. Nchi hii ni ndefu na nyembamba, lakini tofauti kubwa ya hali ya hewa mashambani iko kati ya magharibi na mashariki. Mkondo wa Humboldt hupoza maji ya Pasifiki, ukungu huingia asubuhi kwenye mashamba ya pwani, na zabibu huiva polepole huku zikihifadhi uchachu wake. Upande wa pili, hewa baridi huteremka usiku kutoka Andes baada ya mchana wa jua kali, na zabibu nyekundu hupata rangi na tanini (ukakasi wa ganda) bila kupoteza uhai. Katikati kuna joto zaidi na udongo wenye rutuba zaidi, na huko ndiko inakotoka sehemu kubwa ya mvinyo wa bei ya chini. Sauvignon Blanc, zabibu nyeupe, ya Costa na Cabernet Sauvignon ya Andes zimeanza vizuri hata kabla ya kizibo kutoka.

Asilimia nazo zina maana. Sheria ya Chile inataka angalau asilimia 75 ya mvinyo ilingane na zabibu, mwaka na mahali palipotajwa. Kwa chupa zinazokwenda Umoja wa Ulaya kiwango ni 85, na wazalishaji wengi hutumia hicho kwa masoko yote. Kwa hiyo usishangae Carmenère yenye Syrah kidogo ndani, zote mbili zikiwa zabibu nyekundu. Mara nyingi huwekwa kwa makusudi ili kuongeza uchachu au rangi.

Mwisho, geuza chupa usome nyuma. Embotellado en origen maana yake mvinyo ulitiwa kwenye chupa kulekule ulikotengenezwa. Chile husafirisha pia mvinyo mwingi bila chupa, katika mifuko mikubwa ndani ya makontena, na kuwekwa chupani katika nchi ya mnunuzi. Si kosa, ila hapo unategemea uangalifu wa mtu wa kati, na jina la aliyeutengeneza mara nyingi halipo.

Hatua ya 2: Usibebwe na neno Reserva

Aliyezoea mvinyo wa Hispania hudhani Reserva ni ahadi ya muda. Huko Rioja ni kweli: Reserva nyekundu lazima ikae miaka 3 kabla ya kuuzwa, angalau mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa. Chile haina sharti la muda wa namna hiyo. Kanuni zake zinagusa zaidi kiwango cha kilevi: Reserva isipungue asilimia 12, na Gran Reserva isipungue 12.5 na iwe imeguswa na mwaloni. Kwa kuwa mvinyo mwekundu wa Chile hufika 13.5 au 14 bila shida yoyote, kizingiti hicho karibu kila chupa inakiruka.

Neno hilo bado lina kazi moja: kupanga chupa za kampuni ileile. Ndani ya nyumba moja Gran Reserva huwa juu ya Reserva, na Reserva juu ya chupa isiyo na neno lolote. Usilitumie kulinganisha kampuni mbili. Reserva ya mzalishaji makini kutoka eneo dogo huweza kuishinda kabisa Gran Reserva ya Valle Central.

Angalia pia mwaloni umetumikaje. Pipa jipya ni ghali, kwa hiyo kwenye mvinyo wa bei rahisi hutumika vipande au mbao za mwaloni zilizotumbukizwa ndani ya tangi. Dalili zake ni vanila au kahawa inayoelea juu ya tunda bila kuungana nalo, kisha ladha ya unga wa mbao mwishoni. Pipa lililotumika vizuri huacha harufu ya karafuu na moshi mwepesi iliyozama ndani ya tunda, na mara nyingi huwezi kuitenga.

Hatua ya 3: Je, zabibu hii na mahali hapa vinaendana?

Cabernet Sauvignon na sehemu ya juu ya Maipo ndiyo ndoa iliyoijengea Chile jina. Puente Alto iko kwenye kokoto zilizoletwa na mto Maipo, karibu na mita 650 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya Don Melchor, Almaviva na Viñedo Chadwick yamepakana hapo. Maji hupita haraka kwenye kokoto, mzabibu hauoti majani kupita kiasi, na zabibu hubaki ndogo zenye ganda nene. Ndani ya glasi utapata tunda jeusi kama zambarau iliyoiva, pamoja na harufu ya mnanaa au mkaratusi. Harufu hiyo ikiwa nyepesi ni alama ya mahali. Ikikujia kama dawa ya kikohozi, imezidi.

Carmenère inahitaji umakini zaidi, maana tofauti kati ya nzuri na mbaya ni kubwa mno. Ilifika kutoka Bordeaux katika karne ya 19, ikachanganyika mashambani na Merlot, na kwa vizazi kadhaa ikavunwa kama Merlot. Tarehe 24 Novemba 1994 mtaalamu Mfaransa wa mizabibu, Jean-Michel Boursiquot, aliitambua katika shamba la Viña Carmen huko Maipo. Huko Ulaya zabibu hii ilikuwa karibu imetoweka tangu filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, alipoangamiza mashamba, na baada ya hapo haikupandwa tena kwa wingi. Mdudu huyo hajaenea Chile, ndiyo maana mizabibu mingi ya huko imesimama kwenye mizizi yake yenyewe. Wauzaji hupenda kulitangaza hilo kama alama ya ubora. Si alama ya ubora: mzabibu wa hovyo huweza nao kuwa na mizizi yake yenyewe.

Tatizo la Carmenère ni kuchelewa kuiva. Huvunwa wiki tatu au nne baada ya Merlot, mara nyingine mwezi Mei. Ikivunwa mapema, au ikiwa shamba lina maji na rutuba nyingi mno, hubaki na kemikali za kundi la pirazini ambazo hunuka pilipili hoho mbichi iliyokatwa sasa hivi. Ikiachwa mno juani ili kuua harufu hiyo, hugeuka jamu yenye kilevi kinachochoma, na uchachu wake, ambao kwa asili ni mdogo, humalizika kabisa. Iliyo nzuri iko katikati: fursadi au zambarau, viungo, pilipili hoho nyekundu iliyochomwa, tanini laini. Tafuta Peumo, ambako udongo wa mfinyanzi huhifadhi maji hadi mwisho wa msimu na mzabibu hauhitaji kuhangaika, au Apalta. Kwa nyama choma na pilau yenye bizari ya kutosha, Carmenère ya Peumo hukaa vizuri kuliko Cabernet yenye tanini kali.

Kwa nyeupe, Sauvignon Blanc itafute Casablanca au Leyda. Pablo Morandé alianza kupanda Casablanca mwaka 1982, wakati wengi waliona pana baridi mno, na leo hakuna anayehoji. Tarajia balungi, ndimu, majani yaliyokatwa, na kwa Leyda wakati mwingine chumvi kidogo. Sauvignon Blanc ya Valle Central huwa na pera na pasheni kwa mbali, halafu hunyamaza. Chardonnay ya Limarí, kaskazini, hupata udongo wenye chokaa, jambo adimu nchini humo, na uchachu wake ni mwembamba na ulionyooka. Kusini zaidi, huko Malleco, Chardonnay na Pinot Noir hukua kwenye baridi na mvua za kutosha. Syrah jaribu ya Elqui au ya San Antonio, inayonukia pilipili manga.

Halafu kuna Chile ya zamani, ambayo kwa muda mrefu haikuheshimiwa. Zabibu nyekundu ya País ililetwa na Wahispania katika karne ya 16. Cinsault na Moscatel zipo Itata, na Carignan ya mizabibu mikongwe ipo Maule, nyingi zikiwa hazimwagiliwi. Kwenye lebo tafuta Secano Interior, yaani eneo la ndani lisilomwagiliwa, na neno VIGNO, jina la umoja wa wazalishaji wa Carignan ya Maule. Kanuni zao zinataka mizabibu yenye zaidi ya miaka 30, isiyomwagiliwa, na mvinyo ukae angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa. Hilo ni sharti zito kuliko Gran Reserva. Mivinyo ya País na Cinsault ni myepesi na ina rangi hafifu. Usiipime kwa uzito wa Cabernet. Ipime kwa usafi, kwa uchachu, na kwa namna inavyokufanya utamani funda la pili.

Hatua ya 4: Mwaka wa mavuno

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Chile huvuna mara moja, kuanzia Februari kwa nyeupe za mapema hadi Mei kwa Carmenère, kwa hiyo mwaka ulioandikwa ni wa msimu mmoja tu, ukiharibika hakuna wa pili. Kumbuka pia kwamba mvuno wa Chile hutangulia ule wa Ulaya kwa karibu nusu mwaka: nyeupe ya 2024 kutoka Casablanca ni kubwa kwa umri kuliko ya 2024 kutoka Ufaransa.

Kwa nyekundu nzuri, 2018 ulikuwa msimu mtulivu na mrefu, na chupa zake ni za kuaminika. 2013 na 2021 ilikuwa ya baridi kiasi. 2021 ilinyeshewa mwishoni mwa Januari, nyeupe na zabibu za mapema zikapata shida katika baadhi ya maeneo, lakini Cabernet za Maipo zilitoka na umbo zuri sana. 2016 ndio wa kuwa nao makini: mvua kubwa ziliingia Aprili, waliovuna kabla yake walipona, waliokuwa bado wanasubiri Carmenère waliumia. 2020 ulikuwa wa joto na ukavu, mavuno yakaja mapema, kwa hiyo tarajia tunda lililoiva mno na kilevi kingi.

2017 na 2023 kuna jambo jingine: moto wa misitu, mwaka 2017 hasa katika mikoa ya kati na kusini, mwaka 2023 zaidi kusini. Moshi huingia kwenye ganda la zabibu na kujifunga na sukari, kwa hiyo puani huenda usisikie kitu. Mate ndiyo huufungua. Onja, meza, subiri sekunde kumi. Ladha ya majivu ya sigara ikipanda polepole nyuma ya ulimi na kuzidi kwa kila funda, hiyo ndiyo athari yake. Usiichanganye na moshi mtamu wa pipa, ambao huanza puani na kufifia mdomoni.

Kwa chupa za bei ya chini, usihangaike na sifa ya mwaka. Angalia tu umri: nyeupe isizidi miaka 2, nyekundu isiyo na mahali maalumu isizidi 4.

Hatua ya 5: Kagua chupa dukani

Katika miji ya joto kama Dar es Salaam na Mombasa, mvinyo mzuri huharibikia kwenye rafu zaidi ya unavyoharibikia safarini. Wiki kadhaa kwenye nyuzi 30 hulizeesha tunda kwa kasi. Chupa iliyosimama dirishani au chini ya taa kali iache, hata ikipunguzwa bei, hasa ikiwa ni ya kioo cheupe. Omba ya ndani ya katoni.

Kisha ishike. Kizibo kikiwa kimesukumwa juu na kuinua kifuniko cha shingoni, au kukiwa na michirizi yenye kunata, mvinyo ulipata joto ukapanuka. Linganisha kimo cha mvinyo shingoni na cha chupa jirani. Ikiwa chini kwa kiasi cha kuonekana, mvinyo umevuja. Kwenye nyeupe angalia rangi: Sauvignon Blanc inapaswa kuwa ya kijani-njano hafifu, na ikielekea dhahabu au kahawia imechoka. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya udhaifu. Kwa nyeupe ya Chile ni bora kuliko kizibo, na kwa duka la joto ni bora zaidi, mradi hakijabonyezwa pembeni. Stempu ya kodi iwe nzima, maana vinywaji bandia vipo.

Duka lenye kiyoyozi linalouza chupa zake haraka ni bora kuliko duka lenye majina makubwa yaliyopigwa vumbi.

Hatua ya 6: Onja kwa utaratibu

Joto la kuonjea ndilo kosa la kwanza kwetu. Nyekundu iwe nyuzi 16 hadi 18, na nyepesi kama País au Cinsault 13 au 14. Nyeupe iwe 8 hadi 12. Chupa iliyotoka kwenye chumba cha nyuzi 30 inahitaji saa moja hadi saa moja na nusu kwenye friji ikiwa nyekundu, au dakika 15 hadi 20 ndani ya ndoo yenye nusu barafu na nusu maji. Barafu tupu haipozi haraka, maji ndiyo yanayogusa chupa yote. Nyekundu ikiwa moto, kilevi hupanda puani na kila kasoro huonekana kubwa. Nyeupe ikiganda, kasoro zote hujificha, na ndiyo maana mvinyo dhaifu huletwa mezani ukiwa wa baridi kali.

Mimina mililita 50 tu kwenye glasi yenye mdomo uliojikunja ndani. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha unuse tena. Kwanza tafuta kasoro. Harufu ya boksi lililolowa au chumba chenye ukungu ni kizibo kilichoambukizwa, na hakuna tiba, irudishe. Yai au kiberiti kilichowashwa hutokea kwenye chupa za kifuniko cha kuzungusha kwa kukosa hewa. Zungusha, subiri dakika 15, mara nyingi huondoka. Siki au rangi ya kucha ni uchachu uliopotoka. Zizi la farasi au plasta ya kidonda ni chachu isiyotakiwa. Kidogo sana watu wengine huipenda, ikizidi hufunika kila kitu. Tunda lililopikwa pamoja na harufu iliyolala ni joto la ghalani.

Sasa onja, uzungushe mvinyo mdomoni kwa sekunde tano. Angalia mambo manne, kila moja kwa funda lake. Uchachu: je, mate yanatoka pembeni ya ulimi? Katika mabonde ya joto uchachu huongezwa kiwandani, na ukiongezwa vibaya utausikia umesimama peke yake mwishoni, kama ndimu iliyokamuliwa baada ya chakula kuiva. Tanini, yaani ule ukakasi kwenye fizi: ukifanana na unga laini, zabibu ziliiva, ukifanana na ndizi mbichi, ziliwahishwa. Kilevi: kisisikike kama moto kooni. Sukari: nyekundu nyingi za bei rahisi huachiwa gramu chache za sukari ili zipendwe haraka. Acha funda lipate joto mdomoni. Utamu ukitokea kwenye ncha ya ulimi na katikati kukiwa patupu, umeuona ujanja.

Meza, kisha hesabu. Ladha ya tunda ikifa kabla ya sekunde tano, mvinyo ni wa kawaida bila kujali lebo. Sekunde nane hadi kumi ni nzuri. Zaidi ya kumi na tano, mradi ni tunda linalobaki na si mbao wala uchungu, una chupa ya daraja la juu.

Hatua ya 7: Pima sifa baada ya kupima mvinyo

Tukio linalotajwa sana ni onjo la Berlin la tarehe 23 Januari 2004. Eduardo Chadwick, mzalishaji wa Chile, akishirikiana na Steven Spurrier, mtaalamu Mwingereza wa mvinyo, aliwaonjesha waamuzi wa Ulaya mivinyo ya Chile, Ufaransa na Italia bila lebo. Viñedo Chadwick 2000 ilishika nafasi ya kwanza, Seña 2001 ya pili, na Château Lafite 2000 ya Bordeaux ya tatu. Lilikuwa tukio kubwa na matokeo yake ni ya kweli. Lakini liliandaliwa na mwenye mivinyo iliyoshinda, na zote zilionjwa zikiwa changa, wakati tunda la Chile huwa limekwisha kufunguka na Bordeaux bado imefunga. Lichukue kama ushahidi kwamba chupa za juu za Chile zinastahili kuwa mezani hapo. Halisemi chochote kuhusu chupa ya kawaida.

Jarida la Wine Spectator liliichagua Clos Apalta 2005 kuwa mvinyo wa mwaka 2008, na Don Melchor 2021 kuwa mvinyo wa mwaka 2024. Hapa pana mtego. Don Melchor ilikua ndani ya Concha y Toro, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1883, ambayo hutengeneza pia Frontera, Casillero del Diablo na Marques de Casa Concha. Sifa ya chupa ya kilele haiteremki kwa hizo nyingine. Ukisikia kampuni imesifiwa, uliza ni chupa ipi, ya mwaka upi, kutoka wapi.

Alama za wahakiki kwa kawaida huhesabiwa kati ya 50 na 100, ila kwa vitendo chupa nyingi zinazochapishwa ziko kati ya 85 na 100, kwa hiyo 88 si sifa kubwa. Hakikisha mambo matatu: mwaka wa alama ni uleule wa chupa, jina la mvinyo ni lilelile hadi neno la mwisho, na jina la mhakiki limetajwa. Alama isiyo na jina iache. Ukipata wahakiki wawili wanaotofautiana, soma maelezo yao. Mmoja anaweza kupenda tunda lililoiva na mbao, mwingine uchachu na wepesi, na kazi yako ni kujua ladha yako iko upande upi. Medali nazo hutolewa kwa chupa zilizoingizwa mashindanoni kwa ada. Chupa nyingi bora haziingii kabisa, hasa za wazalishaji wadogo kama wa MOVI, umoja wa wakulima huru ulioanzishwa mwaka 2009.

Kuhusu bei: chupa tupu, kizibo, kontena na bandari hugharimu karibu sawa kwa mvinyo wa bei ya chini na wa bei ya kati. Ukipanda ngazi moja kutoka chini, sehemu kubwa ya nyongeza huingia kwenye zabibu. Hapo ndipo Chile inapowashinda wengi, kwenye ngazi ya pili na ya tatu. Kwenye ngazi ya juu kabisa unalipia pia jina.

Hatua ya 8: Jaribio la chupa tatu

Nunua Cabernet Sauvignon tatu za mwaka mmoja au inayokaribiana: moja ya Valle Central, moja yenye jina la bonde tu, moja ya Andes au ya Puente Alto au Pirque. Mtu mwingine azivishe mifuko ya karatasi na kuziandika namba. Wote waonje bila kuongea, waandike urefu wa ladha kwa sekunde, ukakasi, na kama mbao imeungana na tunda. Mifuko itolewe baada ya kila mmoja kuandika mpangilio wake. Ikiwa Valle Central imekaa juu, angalia kwanza joto la mvinyo na muda ambao chupa zilikuwa wazi. Cabernet ya Maipo yenye tanini hufunga ikiwa baridi au imefunguliwa papo hapo. Ipe dakika 40 kwenye jagi pana, urudie.

Kilichobaki kifunge vizuri, kiweke kwenye friji, kionjwe kesho yake kikiwa kimerudishwa nyuzi 17. Mvinyo uliojengwa kwa sukari na vipande vya mbao huwa bapa baada ya saa 24. Ule uliotoka kwenye shamba zuri mara nyingi hunukia vizuri zaidi siku ya pili, na tanini zake huwa zimelainika. Andika matokeo ya siku zote mbili pamoja na jina la mahali, kisha chupa ijayo inunue kwa mahali hapo kutoka kwa mzalishaji mwingine. Kitakachobaki siku ya nne kipeleke jikoni, kwenye mchuzi wa nyama.